Presha Ikipanda

Jirani yangu ana tabia ya kuosha gari lake Jumamosi asubuhi, na akishalikausha hulipaka nta. Harufu ya ile nta hupanda ghorofa hadi kwangu, ikaingia kwa dirisha la jikoni, na kabla sijatambua ni nini, huwa nimeshalifunga dirisha. Si harufu mbaya. Ni tamu kidogo, kama peremende iliyosahaulika katika mfuko wa koti, na nilipokuwa mtoto niliipenda sana kabla sijaanza kuiogopa. Nilikuwa darasa la kwanza wakati huo, na gari lenyewe lilikuwa la tata yangu.

Tata Wambui ni dada ya baba. Alikuwa na duka la vigae na masinki pale Kamakis, Ruiru, na aliishi peke yake katika nyumba yenye lango jeusi, mwendo mfupi kutoka dukani. Gari lake lilikuwa la spoti, fupi na la chini, rangi ya samawati iliyokolea, lenye taa zilizofunguka kama macho ya mtu aliyeamshwa ghafla. Lilikuwa na viti viwili tu. Cucu, mama yao, alipoliona mara ya kwanza alisema gari la viti viwili ni la mtu aliyekata shauri kwamba hatakuwa na watu. Tata hakubishana naye. Alimfungulia mlango, akamfunga mkanda, akamzungusha barabara yote ya bypass na kumrudisha. Cucu alishuka akiwa ameshika kitambaa chake cha kichwa kwa mikono miwili, na kwa muda mrefu hakutaka kuulizwa alivyoona.

Nilikuja kuishi na tata ghafla. Sisi tulikaa Mwihoko, mama na mimi, kwa sababu baba alikuwa kaskazini, Marsabit, akifanya kazi na watu wa kuchimba visima, na alirudi kwa nadra. Mama alikuwa mjamzito. Siku moja alienda kliniki Thika na hakurudi kunichukua shuleni. Aliyekuja ni tata, na lile gari likasimama langoni mwa shule likinguruma kwa sauti nzito, watoto wote wakakimbilia ua kulitazama. Ningefurahi kama si uso wake. Alinikalisha, akanifunga mkanda, akaniambia mama amelazwa, presha imepanda, na kwamba ningekaa kwake mpaka ishuke.

Sikujua presha ni nini. Jumamosi hiyo tata alinifundisha.

Siku ya Jumamosi ilikuwa ya gari. Tata aliamka, akafunga kichwa leso, akatoa ndoo mbili, moja ya sabuni na nyingine ya kusuuza kitambaa ili mchanga usirudi kwenye rangi. Aliosha akianzia juu kwenda chini, hakuruka mahali, akalikausha kwa kitambaa laini ambacho hakuna mtu aliyeruhusiwa kukigusa kwa kazi nyingine. Kisha nta, kwa miduara midogo midogo, huku akiimba kwa kukosea maneno. Sijamwona mtu mwingine akifurahi hivyo akiwa amepiga magoti. Lakini kabla ya yote hayo, kabla jua halijayapasha moto matairi, alipima presha. Alikuwa na geji, kidude kama kalamu, ambacho ukikibandika kwenye kidomo cha tairi, kijiti cheupe huchomoza nyuma yake. Alinipa nikishike. Nilibandika, hewa ikapiga kelele kidogo, kijiti kikachomoza, nami nikacheka.

Nilimuuliza kwa nini anapima kila wiki. Alinieleza kwa makini, maana hakuwa mtu wa kuwadanganya watoto. Presha ikiwa kidogo, alisema, gari inakuwa nzito. Ikizidi, ndani kunakaza, na barabara ikiwa moto tairi inavimba.

"Halafu?" nikauliza.

"Halafu inapasuka. Na ikipasuka ukiwa mbio, hiyo ndiyo shida."

Alasiri hiyo tulienda Thika kumwona mama. Wodi ilikuwa ndefu, yenye vitanda vya chuma na mapazia ya kijani yaliyofuliwa mara nyingi mpaka yakakaribia kuwa meupe. Mama alilala ubavu, akatabasamu aliponiona, akaniita mami kama kawaida, jina la kumbembeleza mtoto wa kike. Nilikaa sakafuni kando ya kitanda chake, upande wa miguu, kwa sababu kiti kilikuwa kimoja na tata alikuwa amekikalia. Shuka likasogea. Nikaiona miguu ya mama.

Haikuwa miguu yake. Ilikuwa mizito na ya mviringo, ngozi imevutika mpaka inang'aa, na kifundo cha mguu hakikuwepo tena. Juu yangu nilimsikia akimwambia tata kwa sauti ndogo kwamba presha bado imepanda, wamejaribu dawa, haitaki kushuka. Nikanyoosha kidole nikabonyeza ule mguu. Paliacha shimo, na shimo halikurudi.

Nilirudi Ruiru nimegeukia dirisha. Tata alidhani namkumbuka mama.

Tangu siku hiyo tulienda Thika karibu kila jioni, tata akishafunga duka, na safari hizo ndizo ninazoziona hata leo nikifunga macho. Lazima niseme ukweli kwamba tata aliendesha vizuri sana. Alipanda matuta kwa mshazari, polepole, asikwaruze tumbo la gari, na aliposikia sauti asiyoijua alizima redio na kusikiliza kwa kichwa kilichoinama. Lakini tukishaingia Thika Road, tukiipita Juja na barabara ikafunguka, kitu fulani kilimpata. Alishusha vioo, akabadilisha gia kwa mkono mwepesi, gari likaitika na kusonga mbele kana kwamba lilikuwa likisubiri kuombwa. Alicheka peke yake. Siku ambazo dukani kumemchosha, siku ambazo daktari amemwambia jambo ambalo mimi sikuambiwa, ule mwendo wa dakika chache ndio uliomrudishia rangi usoni.

Mimi nilikuwa nimeketi chini mno. Katika gari lile macho yangu yalikuwa sawa na magurudumu ya malori. Yalinijia dirishani, makubwa kuliko mimi, meusi, nati zake zikizunguka mpaka zikawa duara moja, na nilichokifikiria ni hewa iliyokuwa ndani yake. Niligusa lami kwa mawazo nikajiuliza kama ni moto. Nilitazama dashibodi, nikasubiri. Na kila nilipofikiria tairi nilifikiria ule mguu ulionyooshwa chini ya shuka, kule tulikokuwa tukienda kwa kasi.

Tairi lilipasuka Jumapili moja, mchana, tukielekea Witeithie.

Palilipuka sauti moja kavu, kisha gari likaanza kupiga pembeni kwa nguvu, kama mtu aliyekamatwa shati kutoka nyuma. Tata hakukanyaga breki. Naikumbuka mikono yake, vile ilivyoshika usukani bila kutetemeka, na midomo yake ikihesabu au ikiomba, sijui. Lori lilipita kushoto kwetu likipiga honi ndefu. Aliliacha gari lichoke lenyewe, akalivuta taratibu mpaka ukingoni, akawasha taa za tahadhari. Kukawa kimya, isipokuwa kitu kilichokuwa kikigonga gonga chini yetu, kisha nacho kikaacha.

"Uko sawa?" akaniuliza.

Nilikubali kwa kichwa. Alinitoa upande wake, akanipitisha ng'ambo ya kizuizi cha chuma, akaniambia nisimame pale na nisisogee. Kisha akatoa jeki na spea, akavua saa, akaanza kazi. Alikuwa amevaa nguo ya kanisani.

Kutoka pale niliposimama niliona kile kilichobaki. Nilikuwa nimedhani kupasuka ni kama puto, kwamba kitu hutoweka. Hakikuwa hivyo. Kilikuwa kimechanika vipande virefu, nyuzi za chuma zimetoka nje, na vipande vingine vilikuwa vimetapakaa nyuma yetu barabarani, magari yakivikanyaga na kuvirusha. Palikuwa na harufu ya mpira ulioungua, na chini yake, hafifu, harufu ya nta ya jana.

Tata alipomaliza alikuja akakaa juu ya kizuizi, mikono myeusi, akinitazama.

"Nilipima jana," alisema. "Wewe mwenyewe uliona."

"Sasa kwa nini imepasuka?"

"Sijui, mami. Saa zingine unafanya kila kitu vile inatakiwa na bado inapasuka."

Alisema hivyo kwa sababu ndivyo ilivyokuwa. Hakujua anazungumza na nani.

Baada ya hapo niliacha kula vizuri. Usingizini nilisikia ile sauti kavu, na nilipoamka nilibaki nimejikunja nikitega sikio upande wa Thika, kana kwamba sauti kama hiyo ingeweza kufika Ruiru. Mwalimu alimwita tata shuleni akamwambia nimekuwa mtoto wa kukaa kimya. Tata aliniuliza usiku na mchana ni nini kinanisumbua. Sikumwambia. Niliona kwamba nikilitamka, litatokea, na pia niliona kwamba watu wazima wote wanajua tayari. Si walisema mbele yangu kila siku? Presha imepanda. Walisema huku wakimenya ndizi.

Kwa hivyo siku moja niliichukua geji. Ilikaa kwenye kisanduku cha mbele, na tata alipokuwa akipandisha vioo hospitalini niliitia kwenye soksi. Tulipofika kitandani mama alikuwa ameegemea mto na mkono juu ya macho. Alisema kichwa kinamuuma, na kwamba anaona vitu vinametameta pembeni. Tata aliinuka akaenda kumtafuta nesi. Nikabaki peke yangu naye.

Nililifunua shuka kidogo, nikatafuta kwenye mguu mahali ambapo geji ingeingia. Hapakuwa na kidomo. Nikaibandika pale kifundo kilipokuwa, nikabonyeza. Kijiti hakikuchomoza.

"Unafanya nini, mami?" mama akauliza.

"Napima."

Aliondoa mkono machoni. Nadhani alikaribia kucheka, lakini kabla hajasema jambo nesi akaja na tata nyuma yake. Nesi alikuwa mwanamke mnene, miwani yake ikining'inia shingoni kwa mnyororo, na alikuwa anasukuma kimeza chenye magurudumu kilichobeba chombo cha presha. Sikuwa nimewahi kukiona kile chombo, kwa sababu walipima saa ambazo si za wageni. Alimfunga mama kitambaa kizito mkononi. Kwenye kitambaa kulikuwa na mpira mwembamba, na mwisho wa mpira kulikuwa na pampu. Akaanza kuibonyeza. Nikasikia hewa ikiingia. Nikaona kitambaa kikivimba juu ya mkono wa mama, na mama akikunja uso.

Walikuwa wakimjaza.

Sikumbuki kuamua. Nakumbuka tu kwamba nilikuwa juu ya kitanda, mpira uko mkononi mwangu, meno yangu yako kwenye mkono wa nesi, na mtu anapiga mayowe yaliyokuwa yangu. Tata alinikamata kiunoni akanivuta nami nikaushikilia ule mpira mpaka kimeza kikaanguka. Wodi nzima ilikuwa imeinuka kutazama. Nilikuwa nikisema jambo moja tu, msimwongeze, msimwongeze, atapasuka.

Tata ndiye aliyeelewa kwanza. Nilihisi mikono yake ikilegea kiunoni mwangu. Aliketi sakafuni pale pale, nikiwa mapajani mwake, akafunika mdomo.

Mama alisema, "Mleteni hapa."

Nesi angeweza kunifukuza, na asingelaumiwa. Alisugua mahali nilipomng'ata, akakiinua kimeza. Kisha akaniambia nilete mkono. Alinifunga kile kitambaa, kilichonizunguka mara nyingi, akaanza kupampu, nami nikaganda nikisubiri kupasuka, nikimtazama mama ili awe wa mwisho kumwona. Mkono ulibanwa, ukabanwa zaidi. Halafu nesi akafungua kitu kidogo, hewa ikatoka kwa mluzi mrefu, mkono wangu ukarudi kuwa wangu.

"Umeona?" akasema. "Hewa haiingii kwa mtu. Inaingia kwa kitambaa."

Nilikubali, ingawa bado nilikuwa nikilia. Aliniweka kando, akampima mama. Sasa nilitazama vizuri, maana nilikuwa nimeshajua chombo kinavyofanya kazi, na kwa hivyo niliuona uso wake. Alivaa miwani. Akapima mara ya pili. Hakuandika kitu, aliacha kimeza pale kilipo akatoka kwa hatua za haraka.

"Mami," mama akasema, "watu si kama gari. Watu hawapasuki."

Alisema kwa upole, akitabasamu, lakini alikuwa akitazama mahali nilipokuwa nimesimama mwanzo. Nilikuwa nimeshasogea. Nilikuwa upande wa pili wa kitanda, karibu kabisa na mkono wake, na mama alikuwa akizungumza na ukuta.

Walikuja wengi, wakaifungua breki ya kitanda, wakampeleka. Tata aliambiwa kuna upasuaji, kwamba mtoto lazima atoke sasa ndipo mama apone, na kwamba sisi tungojee. Neno upasuaji nililisikia. Hakuna aliyekumbuka kunieleza hilo nalo, na sikuuliza tena mtu yeyote kitu.

Tulingojea ndani ya gari, chini ya ukuta wa hospitali, jua likiwa linashuka upande wa mashamba ya mananasi. Tata alimpigia baba simu mara nyingi, mtandao wa Marsabit ukakataa, kisha ukakubali. Alimweleza kwa Kikuyu, kwa maneno machache, halafu akasikiliza kwa muda mrefu. Alipokata simu alichukua kile kitambaa chake laini akaanza kufuta dashibodi. Haikuwa na vumbi. Alifuta usukani, akafuta gia, akafuta kioo cha saa ya spidi, akarudia dashibodi.

"Tata, mama atapasuka?"

"Hapana."

"Umejuaje?"

Mkono wake ulisimama. Alitazama mbele, kwenye ukuta, na nikamwona yule mtu aliyeshika usukani bila kutetemeka tairi likiwa vipande, akitetemeka kidevu.

"Sijui," akasema. "Mimi pia naogopa."

Ningependa kusema kwamba nilifarijika. Haikuwa hivyo mwanzoni. Nilihisi kama sakafu ya gari imeondolewa, kwa sababu nilikuwa nikiamini kwamba kuna mtu mmoja anayejua. Lakini tata alifungua mkanda wangu akanivuta kwake, nikapita juu ya gia ambayo hakuna mtu aliyeruhusiwa kuikanyaga, nikakaa kati yake na usukani, kiatu changu cha shule kikiwa na tope juu ya kiti kile cha ngozi. Hakukitazama kiatu. Tulikaa hivyo tukiogopa pamoja, na ulipopita muda nikagundua kwamba nilikuwa nimepumua.

Nesi yule mnene ndiye aliyekuja kutuita, mkono wake ukiwa na plasta. Mtoto wa kiume, akasema, mdogo sana. Mama yuko hai. Hajaamka.

Aliamka kesho yake. Macho yalimrudia polepole, kwanza mwanga, kisha vivuli, na siku aliponiambia nimefunga vifungo vya sweta vibaya ndipo nilipoanza kuamini. Miguu yake ilinywea mpaka kifundo kikaonekana. Ndugu yangu alikaa wiki kadhaa katika sanduku la kioo, akiwa na mirija puani, na baba alikuja akasimama mbele ya kile kioo na buti zake za kazini, hajui aweke mikono wapi. Siku hizi ndugu yangu ni mrefu kunishinda na hupenda kusema kwamba hiki kisa nimekitia chumvi. Yeye hakuwepo, mimi humwambia hivyo.

Siku ya kuwatoa hospitali palikuwa na jambo ambalo hakuna aliyelifikiria mapema: gari la tata lilikuwa na viti viwili. Baba alikuwa amesharudi kazini. Jirani wa tata alikubali kuja na gari lake la kawaida, zee, lenye mlango mmoja wa rangi tofauti, na mama akakaa kiti cha nyuma na mtoto amefungwa kwenye shali. Mimi nikakaa na tata. Alimwambia jirani atangulie.

Jirani yule aliendesha taratibu, kama watu wanavyoendesha wakiwa wamebeba mayai. Tulitoka Thika nyuma yake, tata akiwa amewasha taa za tahadhari. Kila kitu kilitupita. Malori yalitupita, mabasi yalitupita, pikipiki iliyobeba godoro ilitupita na mwenyewe akageuka kulishangaa gari letu. Tulipofika pale barabara inapofunguka, vijana katika gari jingine walijipanga kando yetu, wakanguruma, wakamfanyia tata ishara kwamba washindane mbio. Tata hata hakugeuza kichwa. Mkono wake ulikuwa juu ya gia na haukusogea.

Nilimuuliza kama hatupiti.

"Leo hatupiti mtu," akasema.

Kupitia kioo cha nyuma cha gari lililokuwa mbele niliona kichwa cha mama. Kiliinama kumtazama mtoto, kikainuka, kikainama tena. Nilikitazama Juja yote, nikakitazama tukipita Toll, nikakitazama tukipita Kimbo. Tata naye alikuwa akikitazama. Tulifika Ruiru, na mama aliposhuka langoni mwa tata aligeuka, akatutafuta kwa macho, akatuona.